Picha ya Kwanza ya Rahabu

Mume wangu ameandika kitabu kimoja tu maishani mwake, tena kitabu chembamba, ukikikalia huhisi kitu. Lakini kwa maneno kiliyotuletea, ungedhani kina uzito wa jiwe la kusagia.

Mimi ni Martina, mke wa Mwalimu Naftali wa shule ya misheni, na wenzangu huniita mama Simeoni. Kijiji chetu cha Wanyiramba kiko mwendo wa asubuhi moja kutoka Nduguti. Wakati ninaousimulia Mwingereza alikuwa bado ametukalia, ingawa vijana walishaanza kukusanyika na kuzungumza habari za kura, na wazee walishaanza kuwaambia wanyamaze.

Kitabu chenyewe ni habari ya njaa iliyokuja baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Mume wangu alikuwa mtoto mdogo. Baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita na hakurudi. Mama yake akabaki na watoto wawili, Naftali na mdogo wake wa kike, ambaye kitabuni alimwita Dorkas kwa sababu jina lake la nyumbani hakutaka kuliandika. Chakula kilipokwisha kabisa, mama yule alichukua majembe yake akaenda upande wa Usukuma kuyabadilisha kwa mtama. Alimchukua Naftali kwa kuwa aliweza kutembea. Dorkas alimwacha kwa bibi yake, akamwahidi kwamba mwezi ukiandama atakuwa amerudi. Njiani wakati wa kurudi Naftali alichomwa mwiba, mguu ukavimba, na mama ikambidi abebe mtoto na mtama, akawa anatembea polepole, anapumzika, anatembea tena. Mwezi uliandama wakiwa bado porini. Walipofika nyumbani, bibi na mjukuu walikuwa wamelala juu ya ngozi moja, wote wawili wamekufa. Kitabu kinaishia hapo. Hakuna mvua, hakuna wimbo, hakuna mafunzo.

Watu wa picha za sinema walipokuja kutoka Dar es Salaam mara ya kwanza, Bwana wao aliniambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjavunja kwamba kitabu ni kizuri sana, ila mwisho wake haufai. Watu wameshinda shambani, alisema, hawawezi kuja jioni kutazama mtoto anakufa. Basi akaubadilisha. Na mtoto wa kiume naye akamtoa, kwa sababu kila kijana waliyemjaribu alikuwa anaikodolea macho mashine ya kupigia picha. Mume wangu akafutwa kwenye njaa yake mwenyewe. Mimi nilimtania, nikamwambia shukuru Mungu, wenzako walikufa na njaa na wewe umeponywa na Mzungu. Hakucheka.

Nyumba waliyoichagua ilikuwa tembe ya Damari, jirani yetu, mjane, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotulia. Na mwanamke waliyemchagua awe mama wa picha alikuwa binti yake, Rahabu. Sijui nimweleze vipi Rahabu. Alikuwa anacheka mpaka ng'ombe wanageuka kutazama. Wengine walipoiona mashine walikakamaa kama wanaojiandaa kuchanjwa, yeye akaizoea kama mtu azoeavyo mbuzi wa jirani.

Mwisho waliotunga ulikuwa hivi. Mashine iliwekwa chini, mlangoni mwa tembe, mahali ambapo mtoto mgonjwa amelazwa. Kwa hiyo ukitazama picha, ni kama wewe ndiye uliyelala pale. Unaona mbuga kavu, halafu mbali kabisa unaona kitu kama sisimizi. Kinakuja. Ni mwanamke ana mzigo kichwani, anakimbia. Anakuja, anakuja, anautupa mzigo, anapiga magoti, uso wake unalijaza lote lile shuka jeupe la kuonyeshea picha, analia na kucheka kwa pamoja, ananyoosha mikono, anasema, "Mwanangu, nimefika." Kisha inanyesha mvua na watu wanaimba.

Niseme kweli, mara ya kwanza nililia kama mjinga. Kila mtu alilia. Gari la sinema lilizunguka nayo Ikungi, Sepuka, Nduguti, kila mahali lilipoweza kupita bila kuzama kwenye mchanga, na kila kiangazi lilirudi na picha ile ile, watu wakawa wanaijua neno kwa neno.

Na hapo ndipo shida ya mume wangu ilipoanzia. Kila mtu alijua picha imetoka kwenye kitabu chake, na kitabu kimetoka kwenye maisha yake, lakini waliosoma kitabu walihesabika, na walioona picha ni nchi nzima. Mtu akikutana naye mnadani Jumamosi anamshika mkono kwa furaha. "Mwalimu! Na yule dada yako aliyepona, siku hizi ameolewa wapi?" Alijibu mara ya kwanza, akajibu mara ya pili, wakamwambia, "Acha utani, Mwalimu, tumemwona sisi." Baadaye akawa hajibu. Anaitikia tu, "Mzima." Siku aliyojibu hivyo kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani, akakaa uani, akakataa chakula.

Upande wa Damari mambo yalikuwa mengine. Msimu wa mvua uliofuata ile picha, Rahabu alishikwa na uchungu njia zikiwa zimefungwa na maji. Alimzaa Selina, akamshika, akafa kabla hajamnyonyesha. Mumewe, Philipo, alikwenda Itigi kufanya kazi ya reli, akaoa huko, akanyamaza. Damari akamlea mjukuu kwa maziwa ya mbuzi.

Kwa hiyo Selina alimjua mama yake kwa njia moja tu. Kiangazi, jua likishazama, watu wakishakaa chini, yeye anakwenda mbele kabisa, anakaa karibu na shuka mpaka shingo inapinda. Picha ikifika mwisho anasimama na kunyoosha mikono. Rahabu anakuja mbio kutoka mbugani, anakua, anakua, anamwambia, "Mwanangu, nimefika." Anamwambia yeye. Wala hakuna mtu mzima aliyewahi kumwambia kwamba haambiwi yeye. Safari ya kwanza alizunguka nyuma ya shuka kumtafuta, akakuta giza na mbwa. Akafikiri, halafu akamwambia bibi yake kwamba mama ameingia ndani ya gari. Tangu hapo lile gari kwake likawa nyumba ya mama, na linapoondoka analipungia mkono bila kulia, maana anajua litarudi.

Sasa mnaelewa kwa nini siku ile mume wangu alipokuja kutoka bomani anatembea kama kijana, nilipata hofu kabla hajafungua mdomo.

"Mama Simeoni, wanakuja kuipiga upya."

"Kupiga nini?"

"Picha. Kuna Bwana mpya, kijana. Amesoma kitabu. Kitabu, si kuona picha. Ameniambia ile ya kwanza ilikiharibu kitabu. Anataka mwisho wangu. Na mtoto wa kiume atakuwepo, na mguu wake. Tena itakuwa ya rangi."

"Na ile ya zamani?"

Akavua kofia. "Ile imechoka. Laurenti, yule kijana wa gari la sinema, anasema imekatikakatika, ameiunga mpaka amechoka. Mpya ikija, hiyo itarudishwa Dar es Salaam."

"Wakaifanye nini?"

"Kitu kibovu kinafanywa nini? Itatupwa."

Nilimtazama huyu mwanaume niliyezaa naye watoto. Nikamwambia, "Baba Simeoni, kwani watu wakijua Dorkas alikufa, atafufuka?"

"Hapana," akasema. "Lakini atakuwa amekufa. Sasa hivi hata kufa hawamruhusu."

Nikaipokea kofia yake, nikaenda kumwandalia chakula.

Bwana mpya alifika, na akataka tembe ile ile. Nyumba za bati zilishaanza kuota pembeni mwa barabara, na ya Damari ndiyo iliyokuwa imebaki vilevile, pana, paa la udongo, mlango unaotazama mbuga. Jumbe akasema atatoa amri. Yule Bwana, na kwa hili nampa heshima yake, akasema haingii nyumba ya mtu kwa amri. Basi mume wangu akaenda kumwomba Damari, na mimi nikafuata, kwa sababu nilijua hawataweza kuzungumza wenyewe bila kuumizana.

Tulimkuta anapepeta uwele. Hakuacha kupepeta.

"Shikamoo, mama Rahabu," akasema mume wangu.

"Marahaba, Mwalimu. Habari imeshanifikia, usijichoshe. Nyumba sitoi."

"Mama, sikiliza kwanza."

"Nimesikiliza. Mnataka kumtoa mwanangu kwenye picha mumweke mtu mwingine. Kwani Rahabu alikosea wapi? Alisahau maneno?"

"Hakukosea. Rahabu alifanya alichoambiwa, na alifanya vizuri, kiasi kwamba watu waliamini. Ndiyo taabu yangu."

"Basi taabu yako ni kwamba mwanangu alifanya vizuri."

Nilitaka kuingilia, lakini mume wangu alikwisha kaa chini kwenye vumbi, mwalimu mzima na kaptula yake ya pasi, mbele ya ungo wa yule mama.

"Mama Rahabu, mimi ndiye niliyechomwa mwiba," akasema. "Mama yangu alinibeba mimi. Angeniacha chini ya mti angefika kabla ya mwezi. Dada yangu alikufa kwa sababu mimi nilibebwa. Niliandika hivyo. Kitu pekee nilichoweza kumfanyia ni kuandika hivyo. Halafu ikaja picha ikasema mimi sikuwepo na yeye hakufa. Mnadani wananiuliza ameolewa wapi. Nawajibu ni mzima. Mama, namzika mdogo wangu kila Jumamosi na hakuna anayenipa pole."

Damari akaacha kupepeta. Makapi yakawa yanapeperuka yenyewe.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake," akasema. "Nilikuwa nakuona unapita na madaftari, nasema huyu hana shida."

Selina alikuwa mlangoni, anamchezea mwanambuzi. Damari alimtazama, kisha akatutazama sisi.

"Na huyu? Wewe una kitabu, Mwalimu. Wako unaweza kumfunua ukamsoma. Huyu mama yake yuko kwenye ile picha peke yake. Mimi sijui kuchora. Nikimweleza sura ya mama yake namweleza nini? Kwamba alikuwa na pua?"

Mwishowe alisema mwenyewe: atatoa nyumba, kwa sharti moja, picha ya zamani isirudi Dar es Salaam. Ibaki kwake. Na gari likija, waonyeshe kwanza mpya kwa ajili ya Mwalimu, halafu ya zamani kwa ajili ya mtoto, wakati wote mpaka mtoto akue.

Mume wangu alimshika mikono yote miwili. Bwana mpya, alipoelezwa, alishangaa kidogo, akasema haoni ubaya, kitu chenyewe kilikuwa cha kutupwa. Nikarudi nyumbani naimba. Nilidhani tumepata suluhu ambayo hata baraza la mtemi lisingeipata. Siku hizi nikijiona nina akili nyingi, naikumbuka siku ile.

Wakapiga picha yao. Mama wa picha alikuwa Febronia, muuguzi kutoka Tabora, dada mpole, anashika kazi upesi. Damari alimpa kigoda chake na maji ya kunywa, lakini alipomwona anatoka mlangoni amejifunga kaniki, mzigo kichwani, aligeuka akaenda zizini, akakaa huko na ng'ombe mpaka walipomaliza. Selina alimtazama Febronia kwa makini, akaniuliza kwa nini mgeni yule analia nyumbani kwao. Nikamwambia anacheza. Akasema mama yake akicheza huwa anafika.

Walipoondoka, Laurenti, yule kijana wa Manyoni anayeendesha gari na mashine, alimletea Damari picha ya zamani. Ilikuwa ndani ya kopo la bati la duara, pana kama sahani. Alimkabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Mama, tunza vizuri. Adui yake panya na mchwa na unyevu. Weka mahali pasipofikiwa na hivyo."

"Mahali hapo ninapajua," Damari akamjibu.

Na kweli alipajua, kama tunavyopajua sote. Mwulize Mnyiramba yeyote mahali ambapo panya hafiki, mchwa hafiki na unyevu haufiki, atakuonyesha juu, kwenye boriti lililo juu ya mafiga. Ndipo tunapotundika mbegu. Masuke ya uwele na mtama, mahindi yaliyofungwa kwa maganda yake, mbegu za vibuyu, vyote vinakaa pale kwenye moshi toka mavuno hadi mvua, vinakuwa vyeusi kama masizi, na ukivipanda vinaota. Mbegu ya moshi haijapata kumwangusha mtu. Mama zetu walipona njaa kwa sababu walilala njaa karibu na mbegu zile bila kuzigusa. Kitu unachokipenda kuliko vyote, hapo ndipo unapokiweka.

Na kopo alilitoa, kwa sababu bati hutoa jasho, na mbegu iliyofungiwa ndani ya bati huota ukungu. Ile picha imeviringishwa kwenye gurudumu lenye tundu katikati. Damari akapitisha kamba ya gome kwenye tundu, akaitundika katikati ya masuke. Nilikuwepo. Nilimshikia kigoda. Mume wangu alikuwepo, na vitabu vyake vyote alivyosoma, na alisema pamechaguliwa vizuri. Laurenti angekuwepo angepiga kelele, lakini Laurenti alikuwa amekwisha kwenda, na yeye amekulia kwenye nyumba za reli, kwao jiko liko nje. Haikumjia kichwani kutuambia tusiweke juu ya moto, kama mimi nisivyoweza kukwambia usiweke mtoto kisimani.

Mvua zikaja. Zilikuwa nyingi, Damari alikoka moto mchana na usiku. Selina kila jioni anainua macho, anauliza kama mama anasikia joto. Bibi yake anamwambia ndiyo, hasikii baridi hata kidogo.

Kiangazi kikaingia, na gari likafika Nduguti.

Sijapata kuona watu wengi vile. Walitoka mpaka ng'ambo ya mto. Mume wangu alivaa koti lake la harusi, nikamwacha avae, ingawa halifungi. Damari alikuja na kitu chake kimefungwa ndani ya kanga mpya, amekikumbatia kifuani, Selina anashika pindo. Aliketi nyuma karibu na gari. Selina akaenda mbele, mahali pake.

Picha mpya ilianza jua lilipokwisha kuzama vizuri. Rangi zilikuwa za kweli, udongo wetu mwekundu kama ulivyo. Watu walishangilia walipoona tembe. Kisha wakaanza kunong'ona, "Mbona si Rahabu?" Kisha wakaona mvulana, wakaona mwiba, wakaona mama amebeba mtoto na mtama anachechemea, na mwezi unaandama juu ya miti, na manong'ono yakafa. Mwishoni mashine haikuwekwa mlangoni. Iliwekwa nje, mbali. Unamwona mama anaingia ndani. Hakuna kinachotokea. Mvulana amesimama uani na mguu wake. Halafu mama anatoka, anakaa kizingitini, anauweka mzigo chini taratibu, kama mtu asiyetaka kuamsha aliyelala. Basi.

Mtu mmoja nyuma alifoka, "Turudishieni yetu!" na wengine wakamwambia nyamaza. Kisha mzee mmoja wa kike, Yunisi, ambaye mwaka baada ya mwaka ndiye aliyekuwa akimwuliza mume wangu dada yake ameolewa wapi, aliinuka kwa fimbo yake, akaja mpaka tulipokaa. Akampa mkono.

"Pole, mwanangu. Hatukujua."

Mume wangu akauinamia ule mkono. Nyuma ya Yunisi akaja mwingine, na mwingine, wanaume wanavua kofia, wanawake wameshika vichwa, kama mnavyojua msibani. Pole, Mwalimu. Pole sana. Naye analia wazi, anaitikia, "Nimeshapoa, asanteni," na kwa mara ya kwanza nikamsikia anamtaja dada yake kwa jina la nyumbani, jina ambalo mimi mkewe sikuwahi kulisikia. Nikaona kwamba nilikosea kumtania. Ile picha ya pili ilistahili kupigwa. Nalisema wazi, na ningelisema hata kama mambo yangeishia hapo.

Lakini Damari alikuwa amekwisha inuka na kanga yake.

"Laurenti, mwanangu, sasa ya mtoto."

Laurenti alifungua kanga kwenye mwanga wa gari. Nilimwona uso. Gurudumu lilikuwa jeusi kwa masizi, na hilo si neno, masizi yanafutika. Lakini ile picha yenyewe ilikuwa imejikunja na kunyauka kama ngozi iliyosahauliwa juani, na mizunguko yake ilikuwa imegandana ikawa kitu kimoja. Akautafuta mwanzo wake kwa kucha. Ukakatika. Akautafuta tena. Ukavunjika vipande vidogo kama maganda ya kitunguu.

"Mama, uliiweka wapi?"

"Na mbegu," akasema Damari. "Juu ya moto."

Laurenti akafungua mdomo, akaufunga. Nadhani aliona uso wa Damari, na aliona kwamba yule mama ameshaelewa na hahitaji kuambiwa.

Akajaribu hata hivyo, kijana wa watu. Akaingiza kwenye mashine kipande kirefu kuliko vyote alichoweza kukibandua. Mashine ikawaka, ikalia, ikatafuna, ikakitema. Kwenye shuka ukabaki mwanga peke yake, mweupe, mtupu, na wadudu wanapita.

Selina alikuwa amesimama mbele yake. Amenyoosha mikono tayari.

Tukangoja, sijui tulingoja nini. Mikono yake haikushuka. Halafu akageuza shingo, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, na uwanja mzima ukasikia:

"Bibi, mbona mama haji?"

Damari alikaa chini pale pale kwenye magurudumu ya gari, akajifunika kanga usoni.

Aliyeinuka alikuwa mume wangu. Alijitoa mikononi mwa watu waliokuwa wakimpa pole, akapita katikati yao na koti lake lisilofunga, akaenda akapiga magoti pembeni ya Selina, wote wawili wakitazama lile shuka tupu. Na mtu huyu aliyeukataa uongo ule kwa miaka yote, uongo uliomnyang'anya msiba wake mpaka jioni ile ile, akaanza kuusimulia.

"Anakuja," akasema. "Yuko mbali bado. Unamwona? Mdogo kama sisimizi. Ana mzigo kichwani. Anakimbia."

Watu nyuma waliokuwa wanaijua picha kwa moyo wakaanza kumsaidia, mmoja mmoja, halafu wote. Sasa amevuka korongo. Sasa anautupa mzigo. Wanawake wakaushika ule wimbo wa mvua, chini chini. Sasa amefika mlangoni. Sasa anapiga magoti. Na mume wangu, ambaye mama yake alichelewa kwa sababu yake, akalitamka lile neno mwenyewe, kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kulitamka.

"'Mwanangu, nimefika.'"

Wimbo ukafika mwisho. Selina alikuwa amesikiliza yote, hajakatiza, maana ni mtoto mwenye adabu. Mikono yake ilikuwa bado imenyooka kuelekea kwenye mwanga.

"Haya, Mwalimu," akasema. "Sasa mwambie aje."